Kikojozi si Mkosaji

Ipo desturi katika mitaa na vijiji vyetu ambayo sisi twaiona ya aibu. Mtoto akikojoa kitandani hutwikwa godoro au mkeka wake uliolowa, kisha huzungushwa mtaani huku wenziwe wakimfuata kwa nyimbo na makofi. Wazee hutazama na kucheka. Husema kwamba wanamfunza haya ili aache uvivu.

Uvivu gani wa mtu aliyelala? Madaktari wanatuambia kwamba katika watoto 100 wenye miaka 5, wapatao 15 bado hukojoa usiku, na wengi wao huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Mtoto wa namna hii hulala fofofo asisikie kibofu kikijaa, au mwili wake hutoa mkojo mwingi usiku kuliko kibofu kiwezavyo kushika. Tena jambo hili hurithiwa. Ikiwa mzazi mmoja alikuwa kikojozi, yapata watoto 4 katika 10 humfuata. Wakiwa wazazi wote wawili, hupata 7. Basi baba ashikaye fimbo alfajiri, na aende kwanza akamwulize mama yake mzazi habari za mkeka wake mwenyewe.

Mtoto aliyekwisha kulala pakavu miezi 6 au zaidi, kisha akaanza tena, huyo yampasa kutazamwa kwa makini zaidi. Mara nyingi liko linalomsumbua. Pengine baba na mama wametengana. Pengine amefiwa, au amehamishiwa kwa jamaa asiowazoea, au yupo mtu nyumbani anayemtisha au, twasema wazi, anayemwingilia. Pengine ni ugonjwa wa njia ya mkojo, au kisukari. Apelekwe hospitali, aulizwe kwa upole. Fimbo humziba mdomo.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza adhabu za kumdhalilisha mtoto, hata zikiitwa mila. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la 5. Lakini wakubwa wao wangali mabwenini, na wamo wanaokesha kwa hofu ya kupambazuka. Twawataka walezi wa mabweni wawape watoto hao nailoni ya kutandika juu ya godoro, wawapeleke msalani kabla ya taa kuzimwa, na shuka zianikwe mahali pasipo macho ya watu.