Ndeke ikizeeka, vyuma vyake vinaenda wapi?

Ndugu zetu wa migodini, mama na watoto wa kambi, wengi wetu tunapanda ndege Lubumbashi mpaka Kinshasa juu njia ingine ya haraka haiko. Hakuna mwenye kuuliza ile ndege imezaliwa mwaka gani. Tunauliza bei ya tikiti, basi. Mimi naona tunapaswa kuuliza mengi zaidi, na sisi watu wa madini tuwe wa kwanza.

Kule Ulaya na Marekani, ndege ya abiria mara nyingi inaachishwa kazi ikiwa na miaka 20 mpaka 25. Haivunjwi siku ileile. Inapelekwa kwanza pahali pakavu: Teruel kule Hispania, Victorville katika jangwa la California, Marana katika Arizona. Juu ya nini jangwani? Juu hewa kavu haileti kutu. Wanafunika madirisha na midomo ya moteri ili mchanga usiingie, na ndege inangojea. Ingine inarudi kazini, ingine inauzwa. Ile yenye kukosa mnunuzi inafika kwa wachinjaji.

Nasema wachinjaji kwa maana kazi yenyewe inafanana na ya buchari: nyama nzuri inatoka kwanza. Wanaondoa moteri, juu mara nyingi hizo peke yake zinakuwa na bei kupita mwili wote unaobaki. Kisha miguu na magurudumu, vyombo vya rubani, pompe. Kila kipande kinatembea na karatasi yake: kilitoka katika ndege gani, kilifanya masaa ngapi, nani alikipima. Bila karatasi kile kipande ni mitraye tu, hata kama kinang'aa. Nyuma ya hayo ndipo mwili unakatwa na aluminiamu inaenda kuyeyushwa. Pale Tarbes, Ufaransa, kompani Tarmac Aerosave inafanya kazi hii, na inasema zaidi ya 90 kwa 100 ya uzito wa ndege inarudi kutumika. Hata A380, ile kubwa ya gorofa mbili, za kwanza zilivunjwa pale zikiwa na miaka karibu 10 tu.

Sasa tusikilizane. Ndani ya A380 moja kuna nyaya zinazopita kilomita 500, na zingine ni shaba. Na mapanga ya ndani ya moteri, pale kwenye moto mkali, mara nyingi ni nikeli iliyochanganywa na kobalti, juu chuma cha kawaida kingelegea. Congo inatoa karibu 70 kwa 100 ya kobalti ya dunia. Hakuna mwenye kuweza kuonyesha panga moja kwa kidole na kusema hili lilitoka Kolwezi. Lakini yale mapanga yakizeeka yanayeyushwa kulekule. Sisi tunauza jiwe mara moja, wao wanalitumia mara mbili, mara tatu.

Na kwetu? Kwetu inafika ndege yenyewe, ile ambayo wengine wamemaliza kuitumia. Nisieleweke vibaya: umri peke yake si kosa. Ndege ya miaka 30 iliyotunzwa vizuri ni bora kuliko ya miaka 10 iliyokosa fundi. Shida ni upimaji na karatasi. Umoja wa Ulaya umefungia kompani za ndege za Congo mlango tangu mwaka 2006, na sababu wanayotoa ni kwamba serikali yetu haipimi namna inavyopaswa. Hata kwao udanganyifu unapita: mwaka 2023 ilijulikana kwamba AOG Technics, kompani ya Uingereza, iliuza vipande vya moteri vyenye karatasi za uongo, na kompani kubwa za ndege zikalazimika kufungua moteri zao kuvitafuta. Wao walivitafuta. Sisi nani angetafuta?

Kwa hiyo naomba vitu viwili. Kwanza, ndege inapoingizwa katika inchi, mwaka wake na historia ya moteri zake vitangazwe, vibandikwe pale tunapolipia tikiti. Sisi tunaonyesha karte kila pahali. Ndege pia ionyeshe yake.

Pili, ile mizoga ya ndege inayolala kwenye viwanja vyetu, kama ile watu wa Goma walioizoea miaka mingi, isiachiwe watoto kuchezea. Hapa Katanga tuko na wachomeleaji, mafundi wa umeme, watu wanaojua chuma kwa kukigonga tu. Wapewe mafunzo na kazi hiyo. Lakini si kwa namna tunayoona kwenye mitaa, ya kuchoma nyaya usiku ili plastiki itoke shaba ibaki, moshi unaingia katika nyumba za watu. Ndege iko na mafuta ya sumu, chupa za oksijeni, na katika Boeing 747 za zamani kuna hata vizito vya uraniamu kwenye mkia. Aluminiamu yake itatosha nyungu nyingi, ila fundi avae gaa na maski kwanza, na mtu wa serikali aandike kila kilichotoka na kilienda kwa nani.