Ketamini si dawa ya ng'ombe, na Likawage si zizi

Haya wadau, nimerudi. Najua nimeadimika karibu wiki tatu. Bumu limechelewa, vocha hakuna, na testi zimefuatana kama mvua za masika. Leo ilikuwa nibukue, maana kesho saa mbili asubuhi tuna testi ya famakolojia, lakini hili jambo limenikaa kooni tangu jana jioni. Bora niliteme ndio nikalale.

Tulikuwa kimbwetani watu watano, na madesa yetu ya dawa za usingizi za kuchoma kwenye mshipa. Tukafika kwenye ketamini. Mshikaji mmoja (simtaji, anajijua) akafunga daftari akasema: "Hiyo ruka, hiyo dawa ya ng'ombe. Mimi nikimaliza siendi kufanya kazi mahali hakuna propofoli." Wenzangu wakacheka. Mwingine akaongeza: "Hiyo waachie watu wa Likawage huko." Alinitania mimi, maana wanajua ndiko nyumbani. Nikacheka na mimi, jamani, ndicho kinachoniuma. Nilicheka.

Sasa naomba nijibu kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nilishindwa.

Kwa nyie wa sheria na biashara mnaopitia hapa, niwaeleze kidogo. Ile mnayoiita nusu kaputi huwa inaanza na sindano moja ya mshipani inayomzima mtu ndani ya sekunde kadhaa. Dawa zenyewe si nyingi. Kuna thiopentoni, babu yao, iliyoanza kutumika kwa binadamu mwaka 1934. Kuna ndugu wawili diazepamu na midazolamu, hawa zaidi ni wa kumtuliza mtu na kumsahaulisha. Kuna propofoli, nyeupe kama maziwa, kwa sababu imechanganywa na mafuta ya soya na kiini cha yai. Na kuna ketamini.

Hizo za mwanzo zote, ukiacha ketamini, kwa sehemu kubwa zinafanya kazi kwa njia moja: zinaipa nguvu GABA, ambayo ni kama breki ya ubongo. Unakanyaga breki, mtu analala. Tabu ni kwamba breki hiyo haichagui. Ukikanyaga sana, pumzi nayo inasimama. Thiopentoni na propofoli zina jingine tena, zinalegeza mishipa na kuudhoofisha moyo, presha inashuka. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha mwilini, na mtaalamu pembeni, na oksijeni ukutani, hilo linarekebishika. Kwa mtu aliyemwaga damu lita mbili tumboni, sindano hiyo kwa dozi ya kawaida inaweza kuwa ndiyo ya mwisho.

Ketamini inapita mlango mwingine. Yenyewe inaziba vipokezi vya NMDA, ubongo unakatwa mawasiliano na mwili. Mgonjwa anaweza kuwa amefungua macho lakini hayupo. Maumivu hayasikii, na hapo ndipo inapowazidi wenzake, maana propofoli na thiopentoni zinalaza tu, hazitulizi maumivu. Mara nyingi mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Presha kwa kawaida haishuki, bali inapanda. Mshipa ukikosekana unachoma msuli wa paja na bado inafanya kazi. Haidai mashine kubwa wala umeme wa uhakika.

Sasa niambieni nyie watu wa propofoli: hiyo ni dawa ya ng'ombe, au ni dawa iliyotengenezwa kama vile aliyeitengeneza aliiona wilaya ya Kilwa usiku wa mvua?

Hakuiona, najua. Ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens wa kampuni ya Parke-Davis huko Marekani. Mwaka 1964 Corssen na Domino wakaijaribu kwa binadamu mara ya kwanza, kwa wafungwa wa Michigan, na mwaka 1970 ikaruhusiwa rasmi. Muda si mrefu wanajeshi wa Marekani waliojeruhiwa Vietnam wakawa wanalazwa kwa dawa hiyohiyo. Hao walikuwa ng'ombe? Tangu 1985 iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Na kama tatizo lenu ni mifugo, basi shikeni hii: aliyeigundua propofoli, hiyo mnayoiabudu, ni John Glen, na taaluma yake ni udaktari wa MIFUGO. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo. Kwa hiyo dawa iliyotoka kwa daktari wa mifugo ni ile nyeupe ya kishua. Mungu anawaona.

Sasa nitoke kwenye utani. Kuna sababu ya mimi kukasirika hivi.

Mwaka 2016, wakati wa masika, dada yangu mkubwa alishikwa na tumbo pale kijijini. Wasioijua Likawage, iko bara ndani ya Kilwa, mbali na lami, katika misitu ya mpingo. Alitolewa kwa pikipiki akiwa amefungwa kwa kanga kwa aliyekaa nyuma yake, halafu wakabahatika gari njiani. Alipofika hospitali (hata hiyo siitaji) alikuwa mweupe kama karatasi, mapigo yanakimbia, presha ya kutafutiza. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na imepasuka. Hakukuwa na daktari bingwa wa usingizi. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyesomea usingizi, mama wa makamo, aliyeamshwa kwao usiku. Huyo mama akachoma ketamini kidogo kidogo, akakaa kichwani kwa dada, mkono mmoja kwenye kidevu chake na mwingine kwenye mapigo ya moyo, hadi walipomaliza kushona. Dada yuko hai. Ana watoto wawili waliozaliwa baada ya pale.

Wakati ule sikujua jina la dawa. Nimelijua mwaka huu, darasani, nikiwa nasoma ukurasa ambao mshikaji alisema turuke.

Ila sitaki mnione nimeolewa na ketamini. Ina mambo yake. Inajaza mate. Inaweza kukaza koo ghafla. Ukiichoma haraka haraka mgonjwa anaacha kupumua, tena yule mnayeambiwa "ketamini haizuii pumzi" ndiye anayekufa, kwa sababu kila mtu ameondoka kwenda kunywa chai. Mwenye presha ya juu sana, kama mama wa kifafa cha mimba, si mtu wa kumkimbilia nayo. Halafu kuna kuamka kwake. Dada aliamka anaongea na watu wasiokuwepo, anapiga kelele kwamba anaelea juu ya maji, anamwita bibi aliyekwishakufa. Mama mdogo aliyekuwa naye akasema ni majini, wakaanza kupanga wamtoe wodini usiku uleule wakamtafutie mganga. Mtu ana kidonda kibichi tumboni!

Hapo nina ugomvi na watu wa fani yetu. Hizo njozi ziko kwenye kila desa. Zinajulikana, na diazepamu au midazolamu kidogo inazipunguza. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuwaambia ndugu sentensi mbili: "Akiamka anaweza kuweweseka, ni dawa, itaisha baada ya muda." Sentensi mbili hazihitaji bajeti. Kwa pwani yetu, ambako kila mtu ana shangazi mwenye jini, kutokuzisema ni sawa na kumtoa mgonjwa wodini kwa mkono wako.

Sasa nije kwa wale wakubwa zaidi ya mshikaji wangu. Kuna wanaosema ketamini ibanwe kabisa kwa sababu vijana wa disko huko Asia na Ulaya wanaivuta puani. Mwaka 2015 China ilipeleka pendekezo Umoja wa Mataifa, Vienna, dawa hii iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Shirika la Afya Duniani lilipinga, kama lilivyokuwa limepinga kabla ya hapo, na uamuzi ukaahirishwa. Naelewa hofu ya China, wana vijana wanaoharibika. Lakini angalieni morfini. Iko chini ya udhibiti, na katika nchi maskini mgonjwa wa saratani anakufa akilia kwa sababu makaratasi ni mengi kuliko dawa. Ukiifanyia hivyo ketamini hutamzuia mvutaji wa Hong Kong, yeye atainunua kichochoroni. Atakayeikosa ni yule mama muuguzi aliyeamshwa usiku.

Jibu la kawaida ni: "Basi tupelekeni propofoli vijijini." Sawa, pelekeni! Sina ugomvi na propofoli. Mgonjwa anaamka mwepesi, hatapiki sana, kwa oparesheni ya kupangwa hospitali kubwa ni dawa nzuri mno. Lakini chupa ikishafunguliwa inabidi itumike ndani ya saa chache, yale mafuta ni chakula cha bakteria. Na inamtaka mtu anayeweza kumpulizia mgonjwa hewa muda wowote, na oksijeni isiyokatika. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara kuu ya Dar kwenda Lindi pale Somanga, magari yakasimama pande zote mbili. Mtungi wa oksijeni unapita barabara hiyohiyo. Chupa nyeupe bila mtungi na bila mtu si maendeleo.

Mnataka ushahidi kwamba bei ya dawa haiokoi mtu? Michael Jackson. Tarehe 25 Juni 2009, ndani ya nyumba ya kifahari Los Angeles, na daktari wake wa kulipwa, akafa kwa propofoli aliyopewa chumbani ili apate usingizi. Haikuwa theatre, vifaa vya kutosha vya kumwangalia havikuwepo, na kwa ushahidi uliotolewa mahakamani daktari alitoka chumbani. Mwaka 2011 daktari huyo alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mtu mwenye uwezo wa kununua hospitali nzima! Na ili mizani iwe sawa: Oktoba 2023 mwigizaji Matthew Perry alikufa kwa ketamini, akiwa peke yake ndani ya maji. Dawa mbili tofauti, matajiri wawili, sababu moja. Hakukuwa na mtu kichwani kwao.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, ukitaka kuikata fupi uinakili hivi: dawa ya usingizi haipimwi kwa bei wala kwa rangi, inapimwa kwa mgonjwa aliyelala mezani na kwa mtu aliyekaa kichwani pake. Tatizo la kusini si ketamini. Ni kwamba yule mama muuguzi yuko peke yake. Akiugua, akienda likizo, akistaafu, nani anakaa pale? Kule magharibi mwa Kenya kuanzia 2013 walianza kuwafundisha kwa siku tano watumishi wasio wataalamu wa usingizi, watumie ketamini kwa dharura pale ambapo mtaalamu hapatikani. Siku tano si shahada, na mimi mwenyewe naogopa mambo ya mkato. Lakini wao angalau walijiuliza swali sahihi: nani atakaa kichwani? Sisi tunauliza dawa gani ina hadhi.

Na nani atakaa, kama siyo sisi tuliokuwa kimbwetani? Kila mwaka nawasikia waliopangiwa Lindi wanavyolia, wanavyotafuta mjomba wizarani, wanavyougua ghafla magonjwa yanayotibika Dar tu. Zamani kisingizio kilikuwa kivuko cha Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, kisingizio kikahamia kwenye mbu. Sasa naona kimehamia kwenye propofoli.

Mshikaji, ukisoma hii usinune. Wewe una kichwa kizuri kuliko mimi, ndio maana nimekasirika. Ningekuwa najua huwezi, ningeacha ulipite hilo jina. Lakini ruka ukurasa mwingine wowote, huo usiruke. Kesho kwenye testi wanaweza wasiuulize, ila kuna siku utaulizwa saa nane usiku na mtu asiyeweza kuongea.

Ni hayo tu kwa leo. Mnaobisha nipo kimbwetani kuanzia saa kumi, njooni na madesa yenu na karanga. Nikila sapu kesho mjue nilikuwa naitetea ketamini.

Alamsiki.