Kitabu cha simu si dhamana

Leo sina habari ya simu mpya wala programu mpya. Leo nina hasira. Nimeikalia hasira hii kwa muda mrefu kwa sababu nusu yake najikasirikia mwenyewe, na nitaeleza ni kwa nini. Mwenye haraka apite salama. Lakini kama una simu mfukoni, keti kidogo, maanake jambo hili linakuhusu hata kama hujawahi kukopa shilingi moja.

Mwaka 2021, asubuhi na mapema, niliingiwa na ujumbe kutoka kwa namba nisiyoijua. Ulitaja jina kamili la mama mmoja wa mtaani kwetu, ukasema ana deni, amekataa kulipa, ni mwizi, na eti mimi kama mtu wake wa karibu nimwambie alipe kabla ya saa sita mchana. Mtu wake wa karibu! Mama huyo huniuzia sukuma wiki na nyanya. Namba yangu aliipata siku nilipochukua mboga za shilingi 80 bila pesa mfukoni, nikamtumia baadaye kwa simu. Udugu wetu ndio huo.

Jioni nilipopita kibandani nilimkuta amejiinamia. Kumbe ujumbe ule ule ulikuwa umewafikia wenzake wa chama, mchungaji wake, shemeji yake kule Kitale, na mwalimu wa darasa wa binti yake mdogo. Deni lenyewe je? Shilingi 3,000, zimechelewa siku nne. Akaniuliza swali moja tu: "Kijana, si wewe ndiye fundi wa kompyuta? Hebu niambie, hawa watu namba ya mwalimu waliitoa wapi? Mimi sikuwapa."

Nikababaika. Nikamwambia ni mambo ya mtandao, mama, pole sana. Nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji, nikaenda zangu. Jibu nililijua. Nililijua kwa sababu mwaka 2018 niliandika programu ya namna hiyo hiyo kwa mikono yangu miwili.

Haikuwa kampuni hiyo iliyomtesa mama, na hakuna nitakayoitaja. Ilikuwa kazi ya miezi miwili, na kwenye orodha ya kazi palikuwa na mstari uliosema: soma kitabu cha simu cha mteja, kitume kwenye seva. Msidhani ni uchawi. Unatangaza kwenye faili la programu kwamba utahitaji ruhusa ya kusoma majina, unaandika mistari michache ya kuyakusanya, unayafunga pamoja na kuyatuma. Simu yenye majina 400 inakamuliwa ndani ya muda ambao mwenyewe anasubiri ukurasa ufunguke. Yeye anachoona ni kisanduku kidogo chenye vitufe viwili, kuruhusu na kukataa. Na agizo tulilopewa ni kwamba akikataa, programu isiende mbele. Nilimwuliza mwenye kazi majina haya yote ni ya nini. Akasema ni ya kupima uaminifu wa mteja. Nikanyamaza. Mwisho wa mwezi ulikuwa umefika na mwenye nyumba hapimi uaminifu kwa majina.

Na yale masharti marefu ambayo kila mtu hubonyeza "nakubali" bila kusoma? Niwaibie siri. Yetu tuliyanakili kutoka kwa kampuni ya ng'ambo, tukabadilisha jina. Wiki kadhaa baada ya kuzindua, mtu mmoja akagundua kwamba yalikuwa bado yanasema mgogoro wowote utaamuliwa kwa sheria za jimbo la California. Mkopaji wa Kakamega ashtaki California! Tulicheka sana ofisini. Siku hizi sicheki.

Sasa tuingie kwenye hoja. Wenye kampuni hizi wana ngao moja wanayoipenda: hakuna aliyelazimishwa, mteja alikubali mwenyewe. Haya, tuseme alikubali. Alikubali kwa niaba ya nani? Mimi sikubonyeza kitu. Mwalimu hakubonyeza. Mchungaji hakubonyeza. Kitabu cha simu si mali ya mwenye simu peke yake. Ni amana za watu waliompa namba zao kila mmoja kwa sababu yake. Mtu mmoja anawezaje kutoa ridhaa ya watu 400 kwa kidole gumba kimoja, tena akiwa na mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo? Ukinikopesha pesa nikakupa ufunguo wa nyumba ya jirani, wewe ukaingia, ile haiitwi ridhaa. Inaitwa wizi, na tumeshirikiana.

Ngao ya pili: mkopo hauna dhamana, kwa hivyo lazima tujue mteja ni mtu wa namna gani. Hii angalau ina uzito, na sitaipuuza. Kukopesha mtu usiyemjua ni hatari, na kuna wakopaji wajanja wanaobadilisha laini kama soksi. Lakini angalia mwenye duka wa mtaani. Huyu amekopesha unga na mafuta tangu tukiwa watoto, bila seva na bila wawekezaji. Ana daftari. Usipolipa, hakupi tena. Ukizidi, anakudai mbele ya mlango wako. Sijamwona hata mmoja akibeba daftari lake Jumapili kwenda kulisoma kanisani. Kampuni nazo zina daftari lao: historia ya malipo ya mteja, na mashirika ya taarifa za mikopo ambayo kila Mkenya anayajua kwa jina la CRB. Hayo yanatosha kupima uaminifu. Kitabu cha simu hakipimi chochote. Kazi yake ni kuaibisha, na aibu ndiyo dhamana yao.

Mtaniambia sheria zipo. Naam, zipo, na nimezisoma. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha. Kifungu cha 46 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Sheria ya Ulinzi wa Data ikaja mwaka 2019, Kamishna akaapishwa mwaka 2020. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, na ndani yake ikakatazwa kuingia kwenye kitabu cha simu cha mteja ili kutumia watu ujumbe akichelewa kulipa. Mwaka 2023 Google nao wakazizuia programu za mikopo binafsi kwenye Play Store zisisome majina wala picha za mteja. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, Ofisi ya Kamishna ikaitoza faini kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia vitisho. Kisa hicho si cha jirani yangu, lakini mnaona ni wimbo ule ule.

Haya ni mafanikio, na waliopigania wanastahili heshima. Ila fungua sheria ya 2019 uone adhabu ilivyoandikwa. Faini ambayo Kamishna anaweza kuitoza kampuni ni hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Kisha sheria inaongeza maneno machache: ile iliyo ndogo zaidi. Rudia kusoma. Ile iliyo NDOGO. Ulaya sheria kama hiyo inachukua ile iliyo kubwa. Sisi tukageuza neno moja. Kampuni inayozungusha mabilioni itafikia ukomo kwenye milioni 5, na ikiwa ndogo itapunguziwa. Mimi ni mtu wa programu, najua neno moja kwenye sharti linaweza kugeuza kazi yote. Aliyeandika hilo neno alijua pia.

Sasa linganisha na mwananchi anayefungua mdomo. Nirudi kwa mama. Binti yake mkubwa, msichana wa chuo, aliandika kisa chote kwenye Facebook. Akataja kampuni, akaweka picha za ule ujumbe. Watu wakajaa, kila mmoja na chake. Siku ya pili ikaja barua ya wakili kupitia WhatsApp: futa, omba msamaha, la sivyo utashtakiwa kwa sheria ya uhalifu wa mtandaoni kwa kuchapisha habari za uongo. Alifuta usiku ule ule. Uongo gani? Hakuna neno hata moja la uongo alilosema. Lakini ukweli ulikuwa wake na wakili alikuwa wao.

Sheria hiyo ilitiwa sahihi mwezi wa Mei 2018. Kifungu chake cha 23 kiliandikwa hivi: anayechapisha habari za uongo kwa makusudi, zikazua taharuki au kumharibia mtu jina, atozwe faini hadi shilingi milioni 5, au jela hadi miaka 10, au vyote viwili. Chama cha wanablogu wa Kenya, BAKE, kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikavisimamisha vifungu 26 mwezi huo huo, kisha mwezi wa Februari 2020 ikaitupilia mbali kesi na vifungu vikafufuka. Na hatukuwa tumeanzia hapo. Mwaka 2015 Geoffrey Andare alishtakiwa kwa maneno aliyoandika Facebook, kwa kutumia kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano. Mwezi wa Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakifuta kifungu hicho kwa kuwa kilikuwa na maana pana mno isiyoeleweka na kilikwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2017 kosa la jinai la kuharibia mtu jina nalo likafutwa. Kila tukifunga mlango, mtu anatoboa dirisha.

Kwa hivyo weka hizi mbili kwenye mizani. Kampuni ikimwaga siri za watu maelfu, milioni 5 au pungufu ya hapo, na hakuna mkurugenzi aliyelala ndani kwa faini hiyo. Msichana wa chuo aliposema kampuni imemwaga, alitishiwa milioni 5 na miaka 10. Halafu mnashangaa kwa nini malalamiko mtandaoni ni matusi ya watu wasio na majina? Mwenye jina ananyamazishwa, anabaki asiye na jina.

Ndiyo maana nasema faragha na uhuru wa kusema si mambo mawili. Wanaonishika kwa kitabu changu cha simu ndio hao hao wanaonifunga mdomo nikilalamika. Na tabia imeshaenea kila mahali. Ukiingia jengo lolote Nairobi, askari wa mlangoni anakupa daftari: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Aliyetangulia ameandika yake juu, wewe unaisoma yote huku ukisaka kalamu. Tumezoea, hatuulizi hata daftari likijaa linakwenda wapi.

Nini kifanyike? Kwako mwenye simu: ingia kwenye mipangilio, tafuta ruhusa za programu, uone ni zipi zinasoma majina, ujumbe na mahali ulipo. Tochi haihitaji kujua shemeji yako ni nani. Ondoa. Usipakue programu ya mkopo kwa kiungo ulichotumiwa na mtu, maana hiyo haijapita kwa mlinzi yeyote. Na fahamu kwamba kufuta programu hakufuti nakala iliyokwisha kutumwa kwenye seva. Sheria inakupa haki ya kudai ifutwe, kwa hivyo dai kwa maandishi, na ukipuuzwa peleka malalamiko kwa Kamishna. Ofisi hiyo imewekewa siku 90 za kuyamaliza.

Kwa wabunge: geuzeni lile neno moja, iwe ile iliyo kubwa zaidi. Na masharti yaandikwe kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Kama mnaweza kututangazia riba kwa Kiswahili redioni, mnaweza kutuandikia na mitego yake kwa Kiswahili.

Na kwenu wenzangu wa msimbo, ambao mnajua mstari ninaouzungumzia. Msiniambie mlitumwa. Nami nilitumwa. Mkubwa wa kampuni hajui kuandika ile mistari, wala wakili wake, wala mwekezaji wake. Bila sisi wangebaki na hamu tu. Ukipewa kazi hiyo, uliza kwa maandishi majina hayo ni ya nini, na jibu likiwa la kipuuzi, kataa. Najua kodi ya nyumba. Najua pia kwamba mama anayeniuzia mboga aliacha kwenda chamani miezi mitano, na bado sijamjibu lile swali lake.

Wiki hii nitamjibu.