Chenji Yetu Si Sadaka

Tuliseme mapema, asije mtu akatuita wachoyo: watu wa Lubudi, hapa Kongo, tunatoa. Tunatoa kanisani mpaka mfuko wa sadaka unapita mara ya pili, tunatoa kwenye likelemba, mchango wetu wa zamu, tunamchangia nauli mgonjwa anayepelekwa hospitali Kolwezi. Kukiwa na kilio mtaani, hakuna anayekwenda mikono mitupu. Asiye na franga hubeba meka ya unga au mfuko wa makala. Manung'uniko haya si ya watu waliofunga mkono. Ni ya watu waliochoka kufunguliwa mkono kwa nguvu.

Tunazungumzia kaunta ya duka. Umechukua sukari, sabuni na samaki tomson wa jioni. Hesabu ni franga 4,800, umetoa noti ya 5,000. Binti wa kaunta anafungua droo, anachungulia, anaifunga, kisha anakutazama kwa upole ambao hukuuona ulipokuwa unauliza bei. "Papa, mutuachie iyo mia mbili, ni ya batoto yatima." Pembeni kuna sanduku lenye picha ya mtoto. Nyuma yako watu wamepanga mstari na wote wamenyamaza ili wasikie utajibu nini.

Utajibu nini? Ukikubali, umetoa bila kupenda. Ukikataa, umekuwa mtu aliyemnyima yatima mbele za watu. Huu ni mji wa saruji na reli, si Kinshasa ambako sura hupotea kwenye umati. Anayekuona leo kaunta, Jumapili mtakaa benchi moja. Basi unasema "haya", unatabasamu kwa meno ya mbele, na ukifika nje unaanza kunung'unika. Sasa tumeamua kunung'unika kwa pamoja.

Jambo la kwanza tulilogundua, na mama mmoja muuza sombe ndiye aliyelitamka: ukilipa bei kamili, hakuna anayekuuliza habari za yatima. Toa 4,800 taslimu, utaambiwa "merci mama" na kuachwa uende. Huruma huamka pale tu droo inapokosa noti ndogo. Zamani shida hiyo hiyo ilimalizwa kwa pipi: badala ya mia mbili unapewa bonboni mbili. Tulilalamika, lakini bonboni angalau mtoto aliyetumwa dukani aliilamba njiani. Leo tunapewa baraka.

Ni kweli, noti ndogo ni tatizo. Za franga 50 na 100 hazionekani ovyo, na zikionekana zimechakaa mpaka unaogopa kuzikunja. Wenye maduka wanasema si wao wanaochapisha pesa, na hapo tunawaelewa. Lakini mzigo wa kukosa chenji ukiwa wa wote wawili, kwa nini siku zote unamwangukia mnunuzi? Hatujasikia hata siku moja keshia akisema: "Mama, leo sina mia mbili, chukua kiberiti, duka litabeba hasara."

Ukihoji, jibu huwa tayari: "Ni kidogo tu." Mia mbili haifiki senti kumi za dola, tunajua. Ila tunaomba watu wa kaunta wakumbuke jinsi wanavyozitazama dola zetu. Leta noti ya dola yenye mchaniko mdogo kuliko ukucha: itainuliwa kwenye mwanga, itageuzwa, itarudishwa. Mchaniko huo nao si ni kidogo tu? Inaonekana kidogo huwa kidogo kikiwa chetu, na kikiwa chao kinakuwa sheria. Halafu mtu wa pikipiki anayeingia dukani mara tatu kwa siku akiacha mia mbili kila mara, mwisho wa mwezi ameacha franga 18,000. Kwake hiyo ni petroli.

Jambo la pili: inakwenda wapi? Kwenye kilio chochote cha kwetu kuna mtu mwenye daftari. Anaandika jina na kiasi, na baadaye michango inasomwa kwa sauti: fulani elfu mbili, fulani elfu tano, fulani unga. Mfiwa anajua nani kampa nini, na mtoaji anajua kilichotoka kimefika. Sanduku la kaunta halina daftari. Halina jina la kituo cha watoto, halina jumla ya mwezi uliopita, na funguo anazo mwenye duka. Hatusemi anakula. Tunasema hatujui, na mtu akitaka fedha ya watu, kazi ya kuwajulisha ni yake.

Wenzetu wa nje nao wanaombwa madukani. Uingereza kuna mpango uitwao Pennies, ulioanza 2010: unalipa kwa kadi, mashine inauliza kama unataka kuongeza senti chache, unabonyeza ndiyo au hapana na hakuna wa nyuma anayesikia. Na Kenya, mwaka 2011, njaa ilipowabana watu wa Turkana, wananchi walichanga kwa simu katika harambee ya Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 na walilivuka. Hakuna aliyewavizia kwenye chenji. Waliambiwa shida ni ipi, iko wapi, na kwamba Msalaba Mwekundu ndio watakaoipeleka fedha. Mtu akiambiwa hivyo, hahitaji kuonewa aibu ili atoe.

Jambo la tatu ndilo linalotuuma zaidi. Bei tunayolipa imeshabeba kodi ya TVA ya asilimia 16, ambayo nchi hii inaitoza tangu 2012. Na tunaishi wapi? Katika teritwari ambayo ndani yake kuna Fungurume, ambako kampuni ya TFM inachimba shaba na kobalti. Malori ya madini tunayaona kuliko tunavyoziona ambulansi. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende kwa serikali za mitaa za mahali yanapochimbwa, na tena kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Hizo nazo ni fedha za watoto: za shule, za maji, za zahanati. Tungependa orodha ya fedha hizo nayo ibandikwe ukutani kabla mtu hajanyoosha mkono kwenye mia mbili ya mama aliyekuja kununua chumvi.

Wazee wetu wanakumbuka enzi za kampuni ya madini ya Gécamines, mfanyakazi alipopata poso, na shule na hospitali vilikuwa chini ya kampuni. Kampuni ilipoanguka, mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wakaitwa walioondoka kwa hiari. Tangu hapo nani amelea watoto wa waliokufa? Shangazi, bibi, mjomba, jirani. Yatima wengi wa Lubudi hawamo kwenye picha ya sanduku. Wanalala kwenye mikeka yetu na wanakula bukari kwenye sahani zetu. Anayeombwa kaunta ampe yatima mia mbili, huenda ameingia dukani kumnunulia yatima wake daftari.

Kuna wanaotuambia tuache, kunung'unika hakujengi. Tunawakumbusha makato ya simu yaliyoitwa RAM. Kuanzia 2020 kila mwenye simu alikatwa vocha kwa kisa cha kusajili kifaa chake: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya kawaida, dola 7 kwa simu ya intaneti, kidogo kidogo ili usihisi. Na hapo pia tuliambiwa ni kidogo. Watu walilalamika sokoni, redioni na mpaka bungeni, na mwanzoni mwa 2022 makato yakafutwa. Manung'uniko ya watu wengi yakienda upande mmoja, yanasikika.

Kwa hiyo tunawaomba wenye maduka, na tunajua baadhi yao wanapeleka kweli magunia ya unga kwa watoto. Hao hawatapata shida na masharti haya. Turudishieni chenji kwanza, iingie mkononi, ndipo muombe. Kama noti ndogo hazipo, pangeni bei zinazoisha kwa mia tano, au andikeni deni letu kwenye karatasi tuje kulichukua. Bandikeni jina la kituo kinachosaidiwa na jumla ya kila mwezi, na mstari wa kwanza uwe mchango wa mwenye duka mwenyewe. Na mtu akisema hapana, asikunjiwe uso. Labda ametoa asubuhi, mahali ambapo hamkumwona.

Na wewe unayesoma, ukiwa Lubudi, Fungurume au Kolwezi: utakapoombwa tena kuacha mia mbili, nyoosha mkono na usubiri noti yako bila aibu. Ukishaipokea, ukitaka kumpa yatima, mpe. Hapo itakuwa sadaka.