Mchezo wa Moto Upimwe kwa Moshi Wake

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu twaijua michezo ya kompyuta ya kuzima moto, na tunapoisifu husifu ndimi za moto jinsi zing'aavyo. Mimi naona mchezo wa namna hiyo yafaa upimwe kwa moshi wake kwanza.

Sababu yangu ni hii. Nyumba iunguapo, watu wengi hufa kwa moshi kabla moto haujawafikia. Moshi wenye joto hupanda darini, hutanda, kisha hushuka kama pazia, na hewa ya kuvuta hubaki karibu na sakafu. Ndani yake mna kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Tena, moto uliofungiwa ndani ukakosa hewa hulipuka mlango ufunguliwapo ghafula. Basi mchezo unaomwacha mtu akimbie wima katika moshi mzito bila kudhurika wamfundisha uongo.

Ukweli huo waweza kuonyeshwa. Mchezo uitwao Firefighting Simulator – The Squad, uliotengenezwa Ujerumani na kutolewa mwaka 2020, una joto, moshi na milipuko ya namna hiyo, na hutenga moto wa mafuta na moto wa vitu vikavu. Ni haki kuutenga, kwani maji yakimwagwa katika mafuta yawakayo hugeuka mvuke, hutanuka kama mara 1,700, na kuyarusha mafuta pande zote.

Wako watakaosema kuwa mchezo ni mchezo tu, na ukweli ukizidi utachosha. Nakubali kuwa lazima upendeze. Lakini lirudiwalo mara nyingi huwa mazoea, na mtu aliyeshikwa na hofu hufuata mazoea yake.

Sisi tulalao bwenini hatuna budi kulifikiri jambo hili. Mwaka 2001 bweni la Kyanguli, nchini Kenya, liliungua usiku, wakafa wanafunzi 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Hakuna mchezo unaoweza kumfungulia mtu mlango. Milango na iwe wazi kwanza, ndipo maarifa ya kutambaa chini ya moshi yatakapofaa.

Kwa hiyo nashauri chama chetu cha kompyuta, kabla ya kuchagua mchezo, kiulize: Je, moshi hushuka? Je, asimamaye huumia? Je, mlango ukifunguliwa, moto hubadilika? Nao walimu wetu watupe nafasi, walau mara moja kila muhula, tutambae gizani kutoka kitandani hadi mlangoni.