Kabla ya kununua spea, isome taa kwanza

Msimu wa alizeti na vitunguu unapokaribia, mfanyabiashara wa Ulemo huulizia bei ya gunia na bei ya mafuta, lakini ni nadra kuulizia hali ya gari litakalobeba mzigo. Ile taa ya injini ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi ikiwaka, wengi huizoea. Wengine hupeleka gari Kiomboi au Singida mjini, huambiwa "ni sensa", hulipa, na taa huwaka tena kabla hawajafika nyumbani. Fedha hiyo haiandikwi kwenye daftari, ila inatoka katika faida ile ile ya gunia.

Maoni yetu ni kwamba kifaa cha kusoma namba za hitilafu kihesabiwe kuwa mtaji, kama mizani na turubai. Ni kidogo, huchomekwa kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani na kuzungumza na simu kwa Bluetooth. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Vifaa vingi vya bei nafuu ni nakala za chipu ya ELM327 ya kampuni moja ya Kanada iliyofunga shughuli zake mwaka 2022, hivyo ubora hutofautiana sana. Wafanyabiashara watatu au wanne wanaweza kuchangia kimoja.

Hapa kuna mtego. Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina soketi hiyo hiyo, lakini mawasiliano yake hayafuati utaratibu wa kimataifa. Mnunuzi huchomeka, simu haioni kitu, naye hudhani ameuziwa kifaa kibovu. Kijaribu kwenye gari lako kabla hujatoa fedha.

Kwa magari hayo, kipande cha waya mara nyingi kinatosha. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13. Kwa matoleo ya zamani, yenye kisanduku chini ya boneti, ni TE1 na E1. Kisha washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa inavyopepesa. Mipepeso miwili, kituo kifupi, kisha miwili tena ni 22, yaani sensa ya joto la maji. Nne kisha moja ni 41, sensa ya mlango wa hewa. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Usiguse tundu la 16, kwa kuwa hilo lina umeme wa betri moja kwa moja.

Hata hivyo namba si hukumu, na ndipo fedha nyingi hupotelea. P0171 maana yake hewa ni nyingi kuliko mafuta. Muuza spea atakupa sensa ya oksijeni, wakati huenda ni mpira uliopasuka unaovuta hewa, au pampu ya mafuta iliyochoka. P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi vizuri. Kama kila silinda ina koili yake, badilishana koili ya kwanza na ya pili, futa namba, endesha. Ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Kipimo hicho ni bure, na fundi asiyetaka kukifanya anataka kuuza.

Wenye injini za dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, kama 3L au 1HZ, wasinunue kifaa hiki. Injini hizo hazina kompyuta ya kusomwa.

Kwa anayepanda Sekenke na mzigo, tofauti moja ni ya lazima kuijua. Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa na gari linavuta kama kawaida, kwa kawaida unaweza kufika na kupima. Ikipepesa ukiwa mwendoni, injini inakosa kuchoma kwa kiwango cha kuharibu ekzosi, kwa hiyo ondoa mguu na usimame. Taa ya oili ni jambo jingine kabisa. Hiyo huzimishwa injini papo hapo.

Wanaonunua magari yaliyotumika ndio wenye faida kubwa zaidi. Muuzaji mjanja hufuta namba asubuhi, au huchomoa betri, na taa inakuwa safi mbele yako. Kwenye mfumo wa kimataifa, kifaa huonyesha pia kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Vingi vikiwa bado, kumbukumbu imefutwa karibuni. Mwombe muuzaji muendeshe siku mbili kisha mpime tena, na akikataa, punguza bei au tafuta gari jingine.