Hewa tunayoidai shimoni, tuidai na chumbani

Mchimbaji wa dhahabu huku kwetu, awe wa Manguredjipa au wa upande wa Beni, anajua sheria moja ambayo hakuisoma popote: motopompe haiwashwi ndani ya shimo. Ikinguruma kule chini, wenzako wanaweza kukukuta umelala, hakuna kidonda, hakuna damu. Sisi wa sendika tumegombana na ma-PDG wengi juu ya jambo hilo na tutaendelea kugombana. Lakini kule Butembo, jioni baridi ikishuka, familia nyingi zinaingiza mbabula ya makala katika chumba cha kulala. Wanafunga mlango, wanafunga dirisha, wanaziba hata tundu la chini na nguo. Ni gesi ileile ya motopompe.

Ndugu wa Beni wanatucheka, maana kwao joto lipo. Butembo tuko juu ya mita 1700, na Masereka ndiyo usiseme. Hatuandiki hapa kuwalaumu mama zetu. Mtoto mchanga anatetemeka, blanketi ni moja, baba yuko shimoni wiki tatu. Anayewaambia "jifunikeni tu" hajalala chini ya mabati bila plafo usiku wa mvua.

Kinachodanganya watu ni moshi. Tunasemaka: makala yamekuwa mekundu, hayana moshi tena, sasa ingiza. Kumbe moshi una hisani yake: unawasha macho, unakohoza, unakuamsha ukimbie. Gesi hii, ambayo waganga wanaiita monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na makala mekundu yanaitoa kwa wingi. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni mara zaidi ya 200. Kwanza kichwa kinauma, halafu kichefuchefu, halafu miguu inakataa, hata ukitaka kufika mlangoni. Anayebahatika kuamka na kichwa kizito anasema ni malaria, au anamtafuta jirani aliyemroga. Na lile beseni la maji linalowekwa pembeni eti linywe gesi, halinywi kitu.

Katika nchi za baridi watu wanapasha nyumba nzima kwa jiko moja la kuni, na wanalala salama. Siri yake ni bomba. Moshi na gesi vinapanda juu ya paa, joto linabaki ndani ya chuma au matofali. Nyumba za zamani za wazungu huku milimani zilikuwa na shemine ukutani; wazee waliofanya kazi humo wanakumbuka. Sisi tunajenga kwa matofali ya kuchoma, na tofali linashika joto na kuliachilia polepole. Basi jiko la kuni lijengwe kwenye ukuta ambao jikoni na chumba cha watoto wanaugawana, bomba lake lipite paa. Moto ulioivisha sombe na maharage jioni ndio utakaopasha ukuta usiku. Fundi aache nafasi kati ya bomba na mbao za paa, maana nyumba isiungue. Na mtu asizibe bomba usiku ili kubakiza joto wakati makaa bado yanaishi. Hapo gesi imerudishwa ndani. Plafo pia ni lazima, la sivyo tunawapasha joto ndege.

Faida iko hata kwenye kuni. Mti unaogeuzwa makala unapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake kule porini, kabla ya kufika sokoni. Mkalitusi mkavu uliopasuliwa vizuri unaenda mbali zaidi katika jiko la bomba. Hilo si jambo dogo, maana upande wa Beni, tangu mauaji ya 2014, kwenda shambani kutafuta kuni ni kwenda na roho mkononi, na ndani ya Parke ya Virunga kuchoma makala kumekatazwa. Umeme wa Mutwanga na Matebe tunausikia na tunaufurahia, lakini kwa mchimbaji wa kawaida umeme ni taa na simu, haujawa joto.

Mtasema: fundi na bomba ni pesa. Ndiyo. Ndiyo maana tunaleta neno hili kwa ma-PDG na makoperative. Kabla ya kugawana mchanga, wanatoa kwanza gharama: mazuti, chakula, mbao za shimo. Blanketi haimo. Kule kwenye machimbo watu wanalala chini ya bashi, na mbabula iko katikati yao. Bashi iliyofungwa vizuri ni mbaya kupita chumba. Mmoja tuliyemwomba blanketi alitujibu kwamba blanketi ni za hospitali. Sisi tunataka blanketi na jiko la bomba kwa kila kambi viingie kwenye gharama, pamoja na mazuti, na tutalisema hilo wazi kila mara hesabu inapofanywa.

Na leo usiku, kwa nyumba ambayo bado haina bomba: chemsheni maji nje, tieni katika bidon ndogo inayofunga vizuri, ifungeni na kitambaa, muiweke miguuni pa watoto. Mbabula ibaki nje kabisa, si kwenye korido. Mkimkuta mtu amelegea chumbani, fungueni mlango na dirisha, mtoeni kwenye hewa, halafu mbio hospitali. Msipoteze saa kumtafutia maziwa.